Kanisa Tulilotumwa Kujenga

Hata leo, nikisikia kiyoyozi kikiwashwa katika benki au duka la dawa mjini, mwili wangu hujiweka tayari kuimba huku midomo imefungwa. Ni mazoea yaliyobaki kutoka miaka michache ya utoto niliyoishi Riyadh, mtaa wa Batha, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa juu ya duka la mabegi. Ijumaa asubuhi, watu wakishavua viatu na kuketi kwenye zulia, Baba aliinuka akafungulia kiyoyozi mpaka mwisho. Kilikuwa cha zamani, cha kupachikwa dirishani, naye alikiacha na ubovu wake makusudi, ingawa kutengeneza viyoyozi ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwa sababu kikipona kisingepiga kelele ya kutosha. Kilinguruma na kutoa harufu ya vumbi lililolowa. Chini ya ngurumo hiyo ndipo tulipoabudu. Tuliimbia puani, kila mtu akiyashika maneno kichwani mwake, na Mama, ambaye nyumbani alikuwa kiongozi wa kwaya, alituongoza kwa kidole kimoja juu ya goti. Makofi tulipiga kwa vidole viwili juu ya kiganja. Nilikuwa na miaka kumi nilipofika pale, na kwa muda nilidhani kwamba ndivyo Mungu wa upande ule alivyopenda kuimbiwa.

Kwetu ni milimani, magharibi ya Kenya, mahali pa chai na mawe makubwa. Kanisa letu lilianzishwa zamani na mmishonari mmoja Mzungu, na nyuma yake kuna makaburi mawili mafupi ya watoto wake, waliokufa kwa homa kabla jengo halijaisha. Sisi watoto wa shule ya Jumapili tulikuwa tukiyafagia kila Jumamosi, na Krismasi ikikaribia tuliyapaka chokaa. Yalikuwa na wimbo wake, wimbo wa furaha wenye makofi na vigelegele. Tulifundishwa kwamba wale watoto wawili ndio msingi wa kanisa letu. Mzungu yule, tuliambiwa, alihubiri miaka na miaka bila kumpata mtu, mpaka alipozika. Alipozika ndipo watu walipoanza kuja, kwa kuwa waliona sasa ana kitu chake ndani ya udongo wao. Herufi za majina ya wale watoto zilikuwa zimefutika. Mama yao sikuwahi kusikia akitajwa, si katika mahubiri wala katika wimbo, nami sikuwahi kuuliza.

Kanisa hilo lilijivunia kwamba sasa nalo linatuma watu. Wanaume wake walijenga makanisa ya matawi kwa mikono yao wenyewe, wakichoma matofali na kubeba maji Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila aliyetumwa kwenda kufungua tawi alikabidhiwa mwiko mpya wa mwashi mbele ya watu, kisha akapakwa mafuta. Halafu ikaja ile miaka ambayo mawakala walifika mpaka vijijini, wakibandika matangazo ya kazi za Saudia kwenye vibanda vya sokoni. Wasichana wakaanza kuondoka kwenda kufanya kazi za ndani, vijana kwenda kuendesha magari na kulinda milango. Wazee wa kanisa walikaa wakalitazama jambo hilo, wakasema mlango umefunguka, tena nauli inalipwa na mwajiri. Baba alikuwa na cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na cheti hicho kilimpa ikama, yaani kibali cha ukaazi, ya kazi inayomruhusu mtu kuishi na familia yake, bahati ambayo wengi hawakuipata. Basi akachaguliwa. Akapewa mwiko, akapakwa mafuta, yeye na Mama, na mimi nikapakwa tone moja kwenye paji la uso. Tulitumwa kwenda kujenga kanisa Riyadh.

Najua ni vigumu kuamini, lakini katika watu wote waliotuimbia siku ile, sidhani kama kulikuwa na mmoja aliyejua kwamba huko ni marufuku kujenga kanisa. Walijua ni nchi ya Waislamu. Lakini Mombasa nako wako Waislamu wengi, na makanisa yapo, kengele zinalia na adhana inalia, kila mtu anakwenda kwake. Wakadhani Saudia ni Mombasa iliyo kubwa zaidi na yenye joto zaidi. Baba mwenyewe alielezwa na wakala mjini Nairobi, tukiwa tayari na tikiti mkononi. Nilimwona akisikiliza huku akigeuzageuza kofia yake. Hakurudi kuwaambia wazee. Alimwambia Mama tu, naye Mama akasema kanisa si mawe, twende.

Ijumaa yangu ya kwanza pale Batha niliuliza kanisa liko wapi, maana nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Jumapili. Aliyenijibu ni Anko Barasa, mtu wa upande wetu aliyekuwa dereva wa mzee mmoja Msaudia. Aliniambia kanisa ni hili, yeye ndiye mlango, mimi ndiye ukuta wa kulia, na nisimwegemee mtu sana lisije likaanguka. Watu wakacheka kwa kuziba midomo. Wengi wao walikuwa madereva na walinzi, na wasichana wachache wa kazi za ndani waliopata ruhusa ya madam kuja Batha kununua vitu. Walifika mmoja mmoja, kila mmoja na mfuko wa ununuzi, ili atakayewaona ngazini aone watu wa sokoni. Mimi niliupenda mchezo huo. Shule sikwenda, kwa kuwa zilizokuwepo zilikuwa za watu wenye uwezo. Mama alinifundisha kwa Biblia na kwa vitabu vichache tulivyobeba, na ndiyo sababu hadi leo najua kusoma vizuri kuliko ninavyojua hesabu.

Jambo lililomtesa Baba ni simu. Mchungaji wetu alipiga kila baada ya muda, mwema, mchangamfu, akiuliza afya ya kila mmoja, halafu akiuliza lile alilokusudia. Kule kwetu kila mtu anajua hatua za ujenzi, hata watoto. Mchungaji alimwita Baba kwa jina la utani la kazi na kumuuliza, "Fundi, mmefika lenta?" Lenta ni ule ukanda wa zege juu ya madirisha, ukifika hapo, nyumba imekuwa nyumba. Baba alijibu, "Bado tuko kwenye msingi, Mchungaji." Alilijibu hilo mwaka mzima. Barasa alikuwa akimtania kwamba nchi hii ni mchanga mtupu, atachimba msingi mpaka atokee Kenya. Baba alicheka pamoja na wengine, lakini simu ikilia tena, nilimwona akiitazama kwanza kabla ya kuipokea. Mwiko ulikaa juu ya kabati, umefungwa ndani ya gazeti lile lile la Nairobi.

Katika mwaka wa pili Mama alijifungua mtoto wa kiume. Alimwita Filemoni, jina la yule mtu wa zamani aliyekuwa na kanisa ndani ya nyumba yake, na mimi nikamwita Fili. Alikuwa na kichwa kikubwa na kicheko cha ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu. Watu wa ibada walikuwa na wasiwasi naye mwanzoni, kwa sababu kilio cha mtoto mchanga hakikadiriki, lakini Fili alikuwa kinyume cha watoto wote. Kiyoyozi kikinguruma alinyamaza na kukodoa macho kukielekea, na sisi tukianza kuimbia puani alitulia kabisa. Barasa alisema huyu ndiye mshirika pekee aliyezaliwa humu, sisi wengine ni wageni. Niliishi nimembeba. Najua uzito wake mkononi kuliko ninavyojua sura yake, kwa kuwa picha tulizonazo ni mbili tu, na katika moja amefumba macho.

Alipoanza kukaa kwa kuegemezwa mito, alishikwa na kifua. Mama alimpeleka hospitali, akapewa dawa, akarudi naye. Siku iliyofuata alimrudisha, na mara hii wakalazwa. Asubuhi moja nilikuwa nikifua nepi zake bafuni ili Mama akirudi azikute kavu. Mlango ulifunguka, akaingia Baba na ovaroli ya kazi, saa ambayo hakuwa akirudi, na nyuma yake Mama, mikono mitupu. Nilitazama nyuma ya Mama kuona ni nani aliyembeba Fili. Nilitazama mpaka ngazini. Kisha nikarudi bafuni nikaendelea kufua, na hakuna aliyenizuia. Nilizifua zote, nikazianika, zikakauka haraka kama kila kitu kinavyokauka Riyadh, nikazikunja. Mama alizipokea akaziweka mapajani, akakaa nazo hivyo.

Neno la kwanza alilosema jioni hiyo lilikuwa kwamba mtoto arudishwe nyumbani. Kwetu mtu huzikwa kwao, hata akiwa wa siku moja; huzikwa karibu na migomba, upande wa nyumba ya bibi yake, ili asiwe peke yake. Hili si jambo la kujadiliwa. Kampuni ya Baba ilikuwa na mandubu, yaani yule mtu anayefuatilia karatasi za wafanyakazi serikalini, Myemeni mmoja mpole. Alikuja, akakaa, akanywa chai. Alisema kumpeleka mtoto Kenya kunawezekana, lakini karatasi zitapita kwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mgeni, kwa ubalozi, kwa hospitali na kwa uwanja wa ndege, na tuvumilie. Akasema pia kwamba kuna njia ya pili: Jeddah yako makaburi ya watu wasio Waislamu, ya tangu zamani, na karatasi za huko ni chache. Baba alisema atafikiri. Akachukua simu akatoka ngazini, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia sauti yake lakini si maneno. Aliporudi alimwambia Mama, "Karatasi zimekataa. Tutamzika Jeddah." Mama aliuliza mara moja tu kama zimekataa kabisa. Baba akasema, "Kabisa."

Nimejaribu kukumbuka uso wake alipolisema neno hilo, na siwezi. Nakumbuka tu kwamba alikuwa amesimama chini ya kabati.

Mwili ulitangulia kwa gari la kubebea maiti, na sisi tukafuata katika gari la mwajiri wa Barasa. Mzee yule, ambaye Barasa alimwita Baba kama madereva wanavyowaita waajiri wao huko, alimpa gari na ruhusa bila maswali, akatuwekea katoni ya maji na tende, akasimama barazani mpaka tukapinda kona. Barabara ya kutoka Riyadh ni jangwa na nguzo za umeme, kisha jangwa tena. Barasa, aliyekuwa hamalizi sentensi bila utani, aliendesha siku nzima kama mtu aliyesahau kusema. Kabla ya Makka barabara inagawanyika, na mbao kubwa zinaonyesha Waislamu waende wapi na wengine wazungukie wapi. Tulizunguka. Tulishuka mlima wa Taif penye kona nyingi, na pembezoni mwa barabara walikaa nyani, mama zao wamewapakata wadogo. Niliogopa Mama asiwaone. Lakini alikuwa tayari amewaona; aligeuza kichwa na kuwafuata kwa macho mpaka wakaishia nyuma ya mwamba.

Jeddah tulifikia mtaa wa Baghdadiyah, kwa mwanamke mmoja wa Mombasa aitwaye Bi Zuhura, aliyekuwa mpishi huko kwa miaka mingi na aliyepokea Wakenya wa kila aina katika chumba chake. Barasa alimjua. Alikuwa Mwislamu, mnene, mwenye sauti ya chini. Hewa ya Jeddah ilikuwa nzito na yenye chumvi, tofauti na ile kavu tuliyoizoea, na nguo ziliganda mwilini. Bi Zuhura hakumpa Mama mkono wala hakumwambia maneno ya kawaida ya pole. Alimvua abaya, akamkalisha kitandani, akaanza kumkanda matiti kwa kitambaa chenye maji ya moto, kwa kuwa yalikuwa yamejaa maziwa na hakuna katika sisi aliyefikiria jambo hilo. Mama akalia hapo kwa mara ya kwanza, kwa sauti. Nilishtuka, nikatazama dirisha kuona kama kiyoyozi kimewashwa.

Tulizika Jumapili asubuhi. Nyuma ya ukuta mrefu kulikuwa na uwanja wa vumbi na miti michache, na safu za makaburi ya zege. Nilikuwa nimejiandaa kuona makaburi ya watu wazima. Lakini safu moja baada ya nyingine zilikuwa fupi. Zilikuwa za watoto wa Wafilipino, wa Wahabeshi, wa Wahindi, wa watu kama sisi waliokuja kufanya kazi wakazaa. Makaburi mengine yalikuwa na jina, mengine namba, mengine hayakuwa na kitu. Nilikuwa sijui kwamba watoto wengi namna hiyo wanaweza kukaa mahali pamoja na pakawa kimya. Baba aliomba kwa midomo bila sauti. Walipomaliza kuziba kaburi, alimwambia kitu mlinzi wa pale, naye mlinzi akampisha. Ndipo Baba alipofungua mfuko wake akatoa kile kitu kilichofungwa ndani ya gazeti.

Alilainisha zege kwa ule mwiko vizuri sana. Alipiga kona, akazungusha ukingo, akarudia pale palipokuwa na mkwaruzo, kama nilivyokuwa nikimwona Jumamosi za nyumbani. Barasa aligeukia ukuta. Mama hakulitazama kaburi. Alikuwa akiutazama mwiko. Nadhani alianza kuelewa hapo, kwa sababu mtu aliyezibiwa njia na karatasi hafungi mwiko wa kanisa ndani ya mzigo wa msiba.

Saa za Jeddah na za kwetu ni moja. Tuliporudi kwa Bi Zuhura, ibada ya kanisa letu la kijijini ilikuwa katikati, na simu ya Baba ikalia. Alitaka kutoka nayo. Mama akamwambia, "Weka sauti kubwa. Hata mimi ni wa kanisa hilo." Alisema kwa upole kabisa. Baba akasimama kidogo, kisha akaiweka juu ya meza kati ya vikombe na kuifungua sauti.

Mchungaji alikuwa ameishikia simu yake kipaza sauti cha kanisa. Tulisikia mwangwi na kukohoa kwa watu. Alitusalimu kwa majina. Alisema kanisa zima limesimama. Alisema wamelia, kisha wamefunuliwa jambo. Kama vile Mzungu yule alivyokuwa hana kitu mpaka alipozika, ndivyo kazi ya Riyadh ilivyokuwa imekwama kwenye msingi, na leo msingi umewekwa, tena si wa mawe. Aliendelea kwa furaha ya kweli, sisemi kwa ubaya, ilikuwa furaha ya mtu anayeamini anachosema. "Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya fundi wetu," akasema. "Wazee walipomwomba asimrudishe mtoto, hakusita. Karatasi zingepatikana, lakini alichagua kumpanda huko." Kisha kengele ikapigwa. Kisha wakauimba wimbo ule wa wale watoto wawili, kwa makofi na vigelegele, na viguu vya watoto wenzangu vikikanyaga sakafu. Miaka miwili sikuwa nimesikia watu wakiimba kwa vinywa vilivyo wazi. Mwanzoni, kabla sijaelewa, moyo wangu ulifurahi.

Bi Zuhura alikuwa akisonga uji wa Mama kwenye jiko dogo. Alisimamisha mkono.

"Waimba nini hao?" aliuliza.

"Wanashukuru," Mama akajibu.

"Washukuru nini?"

 Mama alimtazama Baba, na Baba aliitazama mikono yake, iliyokuwa bado na zege iliyokauka kwenye kucha. Mama akainama karibu na simu akasema jambo, lakini kule walikuwa wakipiga makofi. Tulisikia Mchungaji akiuliza, "Mama Jeska wasemaje? Hatukusikii vizuri, mama, paza sauti." Mama alivuta pumzi kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya kwaya. Ile ilikuwa sauti yake yote, iliyokuwa imefungwa tangu tulipotoka kwetu, na ilijaza chumba.

"Mchungaji, mimi nilizaa mtoto. Msingi sikuzaa."

Wimbo haukukatika mara moja. Ulikatika vipande vipande, mbele kwanza, halafu nyuma, kama watu wanaopashana habari, na mwisho likabaki kofi la mtu mmoja aliyekuwa hajasikia. Nalo likanyamaza.  Bi Zuhura alifuta mikono kwa kanga, akaichukua simu, akaizima, akaiweka chini ya mto. Kisha akamgeukia Baba.

"Nawe ulikuwa wajua karatasi zapatikana?"

 Baba alitoka akaenda kukaa garini pamoja na Barasa. Bi Zuhura alimlisha Mama uji kijiko kwa kijiko, na alipomaliza alikaa chini akalia mwenyewe, mtu wa dini nyingine, kwa ajili ya mtoto ambaye hakupata kumwona. Ni yeye peke yake aliyekaa matanga na Mama. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, na kitu kilichonipata sijui nikiite nini. Niliwaona wale watoto wawili wa nyuma ya kanisa letu, niliowafagia na kuwaimbia, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba siku walipozikwa kulikuwa na mwanamke mahali fulani, matiti yamejaa maziwa, akisikia watu wakiimba.

Riyadh tulirudi, na Ijumaa zikaendelea. Kiyoyozi kilinguruma, watu wakaja na mifuko yao. Mama aliwapikia, akawagawia chakula, lakini wakati wa kuimba alikaa jikoni akichambua mchele, na hakuna aliyethubutu kumwita. Wimbo bila kidole chake ulikuwa unapotea njia. Barasa aliacha utani. Mkataba wa Baba ulipokwisha hakuuongeza, tukarudi nyumbani. Mchungaji alikuja kwetu na wazee wawili, akaomba msamaha, naye alionekana mtu aliyevunjika. Mama aliwapa chai na maandazi, akamsamehe. Jumapili aliendelea kwenda kanisani, akikaa karibu na mlango. Kwenye kwaya hakurudi.

Sitaki mtu asome hapa akadhani Baba alikuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga mtu, hakunywa, alitulisha. Alitumwa kufanya jambo lisilowezekana, na kila mwezi aliulizwa limefika wapi, na siku moja akaambiwa kwamba anaweza kulimaliza kwa kitu alichokwisha kupoteza. Sijui mpaka leo kama alikubali kwa imani au kwa aibu. Sikumwuliza, na nadhani angenijibu kweli kama ningemwuliza. Hakujenga tena. Alitengeneza majokofu ya watu sokoni, na yeye na Mama waliishi bila ugomvi, wakiongea juu ya ng'ombe, mvua na karo, na jina la Jeddah halikutajwa nyumbani kwetu mpaka Baba alipofariki mwaka jana.

Wakati ule ukisema Batha au Baghdadiyah kijijini, watu walidhani unasoma Biblia. Sasa ni majina ambayo hata watoto wadogo wanayajua, kwa kuwa karibu kila boma lina mtu wake huko. Kanisa halimpaki mtu mafuta tena; anaondoka asubuhi ya Jumatatu na gari la wakala, na jirani wanajua ameondoka wakiona nguo zake hazipo kambani. Wanapiga simu za video kutoka mabafuni, wakinong'ona. Barasa, ambaye bado yuko huko, alinitumia picha ya makaburi mara moja. Zilikuwa safu nyingi na fupi, na zege ya Baba sikuweza kuitambua.

Siku ya mazishi ya Baba, mwandishi wa historia ya marehemu alimuuliza Mama aandike watoto wangapi. Mimi nilikuwa karibu kusema. Mama akamwambia aandike wawili, Jeska na Filemoni, na kwamba Filemoni yuko Jeddah. Ikasomwa hivyo mbele ya watu, na wale wanaojua wakainamisha vichwa. Baadaye, watu wakipita kutoa pole, alikuja mama mmoja kutoka kata ya mbali, mgeni kabisa kwetu. Alimshika Mama mikono miwili. Alimwambia amesikia kijana wake yuko Jeddah na hakuweza kuja kumzika baba yake, na kwamba anamwelewa, wa kwake mwenyewe naye yuko Riyadh, kafili hamwachi hata siku moja.

"Huyu wangu ni mdogo," Mama alimwambia. "Alibaki huko akiwa mdogo sana."

Yule mama alitikisa kichwa, macho yamejaa machozi. "Ndivyo wanavyowachukua siku hizi," akasema, "wakiwa wadogo hivyo." Wakabaki wameshikana mikono, foleni ya watu ikisubiri nyuma yao, na Mama hakuonyesha dalili ya kutaka kuiachia ile mikono.